Mwaka Mbuzi Alipomla Bibi Harusi

Ninyi mliokulia Karatu kabla lami haijafika mtanielewa bila maelezo mengi. Enzi zetu vumbi jekundu lilikuwa sehemu ya sare ya shule. Ulitoka nyumbani na shati jeupe, kidumu cha maji mkono huu, ufagio wa matawi mkono ule, gari moja tu la watalii likapita kwenda kreta, ukafika mstarini una rangi ya tofali. Mwalimu wa zamu alikuchapa kwa uchafu, na nyumbani ukikisema hicho kiboko unaongezwa kingine. Hatukushitaki mtu. Tulicheza kombolela nyuma ya mashine ya kusaga, tukateleza korongoni tumekalia vipande vya madumu, tukarudi na kaptula na sketi zilizotoboka mahali pasipofaa kutajwa, tukala makande na mtindi wa kibuyu wenye harufu ya moshi, tukalala. Wanangu leo wakikosa bando nusu saa wanasema wana msongo wa mawazo.

Na kama ulikulia Karatu ya wakati huo, ulimjua Ba. Alikuwa mama mjane wa Kihindi mwenye duka pembeni ya barabara kuu, mwembamba, miwani yake imefungwa kwa uzi mweusi upande wa kulia. Kwao Ba maana yake ni mama, na mji mzima ulimwita hivyo, mpaka mwalimu mkuu. Dukani kwake kulinukia binzari, mafuta ya taa na sabuni ya mche, vyote kwa pamoja, na hadi leo nikikutana na harufu hizo tatu mahali pamoja natafuta kwa macho ile kaunta yake ya kioo. Kioo kile alikipenda kuliko bidhaa zilizokuwa chini yake. Mtoto akikigusa tu, Ba alipaza sauti kutoka popote alipokuwa, hata stoo: "Mikono!" Nasi sote, hata ambaye hakugusa, tulirudisha mikono nyuma ya mgongo na kusubiri kuhudumiwa kama askari.

Lakini alikuwa na upande mwingine. Ukiwa na adabu aliweza kukuita uani umsaidie kuchambua dengu, na malipo yalikuwa bajia za moto na chai ya tangawizi. Mimi, Paska, nilikuwa na adabu ya ajabu kila siku ya bajia.

Katikati ya ua ule palikuwa na kibweta cha saruji kilichopakwa chokaa, na juu yake, kwenye chungu, mmea wa majani madogo yenye harufu kali. Huyo ndiye Tulsi. Ba hakuwahi kusema "huo". Alisema "huyu". Asubuhi, kabla ya kufungua duka, alioga, akamwagia Tulsi maji, akamwashia taa ya samli, akamzunguka akiimba taratibu. Ndani ya nyumba, kwenye kisahani cha shaba, lilikaa jiwe jeusi la mviringo, laini kama yai. Hilo lilikuwa Vishnu, mungu wake. Na kila mwaka, mvua za vuli zikikaribia, Ba aliwaozesha hao wawili, mmea na jiwe, kwa harusi kamili.

Hadithi yake tuliijua kwa moyo, maana kila ukichambua dengu ulipewa. Zamani za huko kwao kulikuwa na mwanamke aitwaye Vrinda, mke wa mfalme mkorofi aliyekuwa akipigana na miungu. Hakuna aliyeweza kumshinda, kwa sababu uaminifu wa mkewe na sala zake vilimzunguka mfalme kama boma la miiba. Miungu ikachoka, ikaenda kulia kwa Vishnu. Vishnu, ambaye Vrinda mwenyewe alikuwa akimwabudu tangu utoto, akajigeuza akawa na sura ya yule mume, akabisha hodi. Vrinda akampokea kwa furaha akidhani mumewe karudi kutoka vitani. Saa ileile boma likabomoka, na mume halisi akauawa huko alikokuwa. Vrinda alipogundua alimlaani Vishnu awe jiwe, kisha akajitupa motoni. Kwenye majivu yake ukaota mmea. Vishnu akaona aibu, akaona pia kwamba anampenda, akasema: huyu nitamwoa kila mwaka, na sadaka isiyo na jani lake sitaipokea.

Hapo Ba alikuwa akimnyooshea kidole yule jiwe kule ndani na kumsema kwa Kihindi chao maneno ambayo nadhani hayakuwa sala. Halafu aliinuka, akamwongezea samli kwenye taa. Alimpenda Vishnu namna unavyompenda kaka yako unayejua vituko vyake vyote.

Mimi kila mwaka niliuliza swali lilelile: kwa nini Vrinda akubali kuolewa na aliyemdanganya? Na kila mwaka Ba alijibu, "Dengu zako bado zina mawe."

Alikuwa nazo nyingine. Kulikuwa na Parvati, binti wa mlima, aliyempenda Shiva, bwana wa majivu na nyoka shingoni, akaenda porini akafunga, akasimama kwa mguu mmoja miaka na miaka mpaka akapokelewa. Nilipoisimulia hiyo nyumbani, mama alisema binti wa namna hiyo hapa Karatu angepewa jembe na safu mbili za maharage, na mapenzi yangempungua kufikia saa nne.

Sasa, mwaka ninaotaka kuwasimulia, mjukuu wa Ba, Jaya, aliyekuwa akiishi Arusha, alikuwa ameposwa. Na kwa imani yao msimu wa ndoa za binadamu haufunguliwi mpaka Tulsi aolewe. "Tulsi asipoolewa vizuri," Ba aliniambia akiwa amenishika sikio, si kwa hasira bali ili nisikie, "ndoa ya Jaya haitasimama." Shida ilikuwa kwamba familia ya mwisho ya Kihindi iliyokuwa ikisimama upande wa bibi harusi ilikuwa imehama. Tulsi hakuwa na baba wa kumtoa. Basi Ba akafunga duka mchana kweupe, jambo ambalo lilifanya watu watoke nje kutazama, akaja kwetu kumwomba baba yangu amwozeshe Tulsi kama binti yake.

Baba alikuwa mzee wa kanisa. Alikaa na jambo lile siku mbili. Siku ya tatu alitangaza wakati wa kula kwamba amepitia amri zote kumi na hajaona inayomkataza mtu kuozesha mboga. Nafikiri zile za mwanzo alizipitia haraka.

Aliyeleta matata ni bibi yangu, mama yake baba, Mwiraki wa Mbulumbulu ambaye kwenye mambo ya harusi hakuwa na mzaha. Aliuliza bibi harusi anaishi wapi. Akaambiwa uani kwa Ba. Na bwana harusi? Ndani kwa Ba. Bibi akaweka kikombe chini. "Msichana anatoka uani kwa mumewe anakwenda sebuleni kwa mumewe. Hiyo ni harusi gani? Huyo binti aletwe kwao atolewe kwa heshima."

Ba akafikiri, akakubali. Nadhani ilimpendeza kwamba kuna mtu mwingine anayelichukulia jambo hili kwa uzito wake. Tulsi akaletwa kwetu na chungu chake juu ya kichwa changu, nikitembea kama nimebeba mayai. Bibi akamweka ndani nyuma ya pazia, kama mwali anavyowekwa, na mimi nikateuliwa kuwa mdogo wake wa kumhudumia. Nilimnywesha maji asubuhi. Jioni nilimpigia stori za darasani. Na siku moja kabla ya harusi Bibi akanipa samli ya ng'ombe wetu nimpake mwali, maana kwetu hakuna binti anayetoka nyumbani na ngozi kavu. Nikampaka jani moja moja mpaka akang'aa. Kisha, kwa kuwa nilimpenda, nikampaka tena.

Tulikuwa na beberu mweupe aitwaye Mkaguzi. Alipewa jina hilo kwa sababu aliingia nyumba yoyote bila hodi na hakutoka bila kitu. Asubuhi ya harusi niliacha mlango wazi nikaenda kumwita Bibi aone mwali anavyopendeza. Bibi alikuwa anakamua, akasema atakuja. Niliporudi, Mkaguzi alikuwa amesimama nyuma ya pazia, lazi ya pazia ikiwa kichwani mwake, anatafuna kwa utulivu. Kwenye chungu kilibaki kijiti. Kabla sijapiga kelele, akala na kijiti.

Sijawahi kuogopa vile. Nimejifungua watoto watatu, nimekutana na nyati njiani kuelekea Endabash, lakini hofu ya asubuhi ile haijapata mwenzake. Sikuogopa kuchapwa. Nilimwona Jaya, ambaye mara zote aliniletea pipi za Arusha, akifukuzwa na mumewe siku ya kwanza, analia barabarani na hina mikononi, na sababu ni mimi na samli yangu.

Kando ya uzio wetu kuliota kivumbasi, kile tunachoning'iniza ndani kufukuza mbu. Majani yanafanana na ya Tulsi kama ndugu wa baba mmoja. Nikachukua kisu, nikachimba kimoja chenye umbo la adabu, nikakipanda kwenye chungu, nikashindilia udongo, nikapaka samli yote iliyobaki mpaka harufu ya kivumbasi ikazama. Bibi alipokuja, macho yake yalikuwa yameshaanza ukungu, akasema mwali amenawiri. Akamfunika kitambaa chekundu kutoka juu mpaka chini.

Mchana Ba akaja kumchukua bibi harusi, amevaa sari ya kijani, amembeba bwana harusi kwenye kisahani cha shaba, na jirani akimshikia mwavuli, si Ba, jiwe. Wanawake wa kwaya walikuwa wamekuja pia, kwa sababu harusi ni harusi, wanapiga vigelegele. Ba alitegemea mlango ufunguliwe, maana kwao baba humtoa binti kwa mikono yake mwenyewe na furaha. Bibi yangu akaufunga.

"Ninyi ni nani," akauliza kwa ndani, "na mnatafuta nini kwetu?"

Ba akabaki pale juani na mungu wake mkononi. Watu wa kwaya wakamnong'oneza kwamba ndiyo desturi, ajibu. Akajibu. Bibi akauliza bwana harusi anafanya kazi gani. Ba akasema anailinda dunia. Bibi akasema hiyo ni sawa lakini mama wa bibi harusi hana blanketi. Mtu akatumwa mbio dukani, akarudi na blanketi na sukari. Ndiyo hivyo, wenzangu, nadhani kwa mara ya kwanza tangu dunia iumbwe, Vishnu akatoa mahari.

Tukamsindikiza bibi harusi mpaka uani kwa Ba, mimi nimebeba chungu. Palikuwa na kibanda cha miwa minne iliyofungwa juu, na maua ya rangi ya chungwa. Baba, kwenye koti lake la kanisani, alimimina maji kama alivyoelekezwa na kusema, "Namtoa binti yangu," kwa sauti ya kusomea zaburi, mama akacheka. Kisha Ba akafunua kile kitambaa ili amvalishe mkufu.

Aliinama. Akatulia hapo alipoinama. Nikaona pua yake inafanya kazi. Akaniangalia mimi juu ya miwani yenye uzi, muda mrefu kuliko ibada yoyote niliyowahi kuhudhuria.

"Samli nyingi," akasema.

Halafu akamvalisha mkufu, akamsogeza yule jiwe karibu naye, akaimba. Nikala vitamu nimempa Ba mgongo.

Jaya akaolewa Arusha wiki chache baadaye. Ba alirudi amechoka na miguu imevimba, nikajua niliyoyaogopa yametimia. Niliacha kwenda uani. Nilipotumwa dukani nilisimama mlangoni, nikasema shida yangu kutoka mbali na mikono ikiwa nyuma tayari. Usiku nilimwomba Yesu amwombee Jaya kwa Vishnu, maana sikujua ofisi ipi inahusika.

Ikafika Krismasi. Baba alikuwa ananoa kisu, Mkaguzi amefungwa kwenye mti, kaka zangu wamekoka moto. Ba akatokea na shada la yale maua ya rangi ya chungwa. Alimsalimu Bibi kwa lugha ya kwetu, "Saita," kama siku zote, akampita, akaenda moja kwa moja kwa beberu, akamvalisha shada shingoni na kumpaka rangi nyekundu kwenye paji la uso. Mkaguzi akaanza kula shada.

"Baba Paska," Ba akasema, "mbuzi huyu hapana kuchinja."

"Mama, leo ni Krismasi."

"Ndani ya tumbo lake yumo binti yako."

Baba aligeuka kunitazama, na mimi nikaangua kilio mpaka majirani wakaja kuuliza nani amefariki. Nikasema yote, mlango, samli, kijiti, kivumbasi. Bibi akakaa chini. Ba akanishika mkono, akanivuta pembeni karibu na uzio, palepale nilipokichimba.

"Nilijua pale pale. Mimi namwogesha Tulsi tangu nilipoolewa, nisijue harufu yake? Na siku hiyo mdomo wa mbuzi wenu ulinukia Tulsi."

"Mbona hukusema?"

Akatazama upande wa dukani, kule aliko yule jiwe, akanyoosha kidole chake kilekile.

"Yeye alianza," akasema. "Alikwenda kwa Vrinda na sura ya mtu mwingine. Na yeye sasa ameletewa wa sura nyingine. Nikamwangalia atafanya nini. Taa haikuzimika, akampokea. Angethubutu kumkataa!"

"Na Jaya?"

"Jaya wiki iliyopita amenuniana na mumewe kwa sababu ya chumvi kwenye mchuzi. Juzi nimepata barua yao moja, kalamu mbili, mke na mume. Ndoa imesimama."

Nililia upya, safari hii kwa raha. Krismasi hiyo tulikula kuku mmoja watu tisa, na kaka zangu hawajanisamehe hadi leo. Mkaguzi alikufa mzee, mnene, mwenye kiburi kisichovumilika. Yule kivumbasi alibaki juu ya kibweta. Ba alimwogesha na kumzunguka kila asubuhi, akimwita Tulsi, na hakuwahi kuleta mwingine.

Miaka michache baadaye watoto wake wakamchukua kwenda Ulaya. Bwana harusi alisafiri kwenye mkoba wake. Bibi harusi hakuruhusiwa, maana huko hawapokei udongo wa watu. Ba alikuja kwetu na chungu, akakiweka mikononi mwangu, akalia waziwazi, mimi pia. Tulikubaliana kila mwaka atapiga simu. Na alipiga, kwanza kwenye simu ya ofisi moja pale mjini, ambako nilifika na chungu mikononi na wahudumu wakanizoea. Yeye na jiwe upande ule, mimi na kivumbasi upande huu, akaimba, nikasema, "Namtoa dada yangu."

Ba amekwisha kutangulia. Jiwe analo Jaya, ambaye sasa ana wajukuu, na bado anagombana na mumewe kuhusu chumvi. Kivumbasi, mjukuu wa kile cha kwanza, ninacho mimi kwenye ndoo iliyotoboka. Mchungaji akiniuliza namwambia ni kwa ajili ya mbu. Siku hizi harusi Karatu ina kamati, kamati ina grupu la WhatsApp, na maharusi wanazunguka na mpiga picha hata hawajui wameoana na nani. Duka la Ba linauza makava ya simu. Hakuna anayemkemea mtoto akigusa kioo.

Mwaka huu Jaya alipiga kwa video. Binti yangu alishika simu, anacheka chinichini, mimi nimempaka bibi harusi samli kidogo tu. Jaya akamsogeza bwana harusi karibu, akaanza wimbo wa Ba, na mtandao ukakata sauti. Picha ikabaki. Jiwe limekaa pale, jeusi, halitikisiki, na kwa dakika nzima hatukujua kama limeganda au ndivyo lilivyo. Binti yangu akacheka mpaka akakaa chini. Mimi nilinyoosha kidole nikigusagusa kile kioo cha simu ili wimbo urudi, kisha nikaisikia sauti, wazi kabisa, kutoka stoo ya miaka yote ile: "Mikono!"

Nikairudisha nyuma ya mgongo, nikasubiri.